Anayekopia afukuzwe, sawa, lakini barua ya anayelalamika inaenda wapi?

Swali lenu la wiki hii linauliza kama mwanafunzi wa chuo akikamatwa anakopia kwenye mtihani afukuzwe moja kwa moja ao apewe nafasi nyingine. Najua wengi watawajibu afukuzwe, inchi imeharibika juu ya diploma za kununua. Mimi nasema wasifukuze mtu, ao tuseme wasifukuze kwanza, na musinihesabu na wale wenye kulilia watoto bure, mimi ni DD, direkta wa disiplini, kwenye sekondari moja hapa Lubumbashi, asubuhi niko kwenye mlango na wachelewaji, wananijua vizuri. Shida yangu ni ingine. Kila mara tunauliza mwanafunzi aadhibiwe namna gani, hakuna mwenye kuuliza mwanafunzi alalamike wapi.

Maana kuadhibu tunajua. Hata chuo kidogo chenye kupanga vyumba kwenye parsele, kiwanja cha mtu kina sheria zake za ndani, unazisaini siku ya kujiandikisha bila kuzisoma. Msimamizi anaandika pe-ve, ile ripoti ya kosa, pe-ve inaenda kwa juri, wale wenye kuamua matokeo, ao kwenye konsei ya disiplini, unaitwa, unajitetea ao unanyamaza, uamuzi unabandikwa kwenye valvu, ubao wa matangazo, wote wasome: mtihani umefutwa, umesimamishwa, umefukuzwa. Kila mtu anajua karatasi ikitoka kwake inaenda kwa nani. Sasa geuza. Kama lalamiko ni la pointi, sawa, kuna rekuru, ombi la kuhesabiwa upya, unaandikia juri kisha matokeo kutoka, hata kama mwenye kutoa kopi yako, karatasi yako ya majibu, na kuihesabu upya ni yuleyule aliyekuangusha. Lakini ile ya silabu, noti za mwalimu za kununua kwa lazima, ile ya asistanti, msaidizi wa profesa, mwenye kumwambia msichana pointi zake akazichukulie hotelini, hizo unapeleka mlango gani? Musiniambie "kwa apariteri", yule wa biro ya mambo ya wanafunzi. Nilishapeleka kwa apariteri.

Nilikuwaka CP, kiongozi wa darasa, wa G2, mwaka wa pili, kwenye chuo kimoja cha hapa, jina naliacha, ilikuwa mbele ya LMD, mfumo mpya wa masomo, kuja. Kwenye promo, darasa letu, tulikuwa na mwenzetu, msichana wa Katuba hapa Lubumbashi, mcheshi, si wa kwanza darasani wala wa mwisho. Asistanti mmoja akaanza kumfuata. Kwanza meseji za usiku, "umelala?", halafu kumwambia mbele ya watu apite kwenye biro achukue TP, kazi yake ya vitendo, asipopita, TP yenyewe ikapotea na kwenye orodha akawa na sufuri. Alikuja kwangu juu nilikuwa CP na juu mimi pia mwanamke. Tuliandika barua kwenye kantini, Kifaransa chake kilikuwa kizuri kuliko changu, lakini pale pa kusema yule mtu anamfanyia nini kalamu ilikuwa inasimama, anafuta, anaandika, anafuta, mwisho akaweka "tabia isiyofaa" na akasaini kabla hajabadilisha mawazo.

Apariteri alikuwa papa mmoja mpole, wa kuvaa koti hata kwenye joto la Oktoba. Aliisoma akiwa amesimama. Akaenda kufunga mlango, akaniambia mimi, si yeye mwenye barua: "Mama CP, barua nitaipokea, lakini kashe, muhuri, sitaweka. Nikiweka kashe inakuwa dosie, ikikuwa dosie inaenda kwa shefu wa seksioni, na shefu wa seksioni njo mwenye alimuletaka ule kijana hapa." Halafu akamgeukia mwenzangu: "Mwanangu, umalizie kwanza mwaka." Akaiweka kwenye droo. Sijui kama munaelewa, yule papa hakuwa mtu mbaya, alikuwa anatueleza chuo kinavyotembea, na alikuwa anasema kweli tupu.

Sesheni ya mitihani ikafika. Msimamizi wa oditwari, ukumbi wetu, ni nani? Yule asistanti. Tulikuwa wengi, benchi zimejaa, kulikuwa na watu nyuma kule walikuwa wanasaidiana waziwazi, mimi niliwasikia nikiwa mbele. Asistanti hakuenda nyuma. Alishuka kwenye mstari moja kwa moja mpaka kwa mwenzangu, akainua kopi yake, chini kukawa na karatasi imekunjwa ndogo kama ya dawa. Pe-ve iliandikwa palepale juu ya benchi, kalamu nyekundu, saa, jina, namba ya matrikule, wakaniita nisaini kama shahidi juu CP njo mwenye kusaini. Nilisaini, karatasi nilikuwa nimeiona kwa macho yangu. Mchana ilikuwa imeshafika kwa sekretari jenerali. Kabla ya wiki kuisha konsei ilikaa, kashe ilipatikana, wino ulipatikana, hata mtu wa kumpigia simu baba yake alipatikana, ile barua ya kwenye droo bado iko palepale.

Kwenye konsei mashahidi tuliitwa, ndiyo maana nayajua haya. Walimuuliza kama karatasi ni yake. Akasema ni yake. Halafu akasema lakini mimi niliandika barua juu ya huyu mwenye kunikamata. "Barua gani?" Shefu wa seksioni akauliza wote mezani, barua gani? Papa apariteri alikuwa amekaa mwisho wa meza, yeye njo mwandishi wa kikao, akaendelea kuandika. Nikanyoosha mkono, wakaniambia shahidi anajibu akiulizwa. Mwaka mmoja nje. Yule asistanti kisha akapanda, akawa shefu wa travo, cheo cha juu ya asistanti.

Promo ilitaka kugoma. Waliotuzuia si chuo, ni wazazi wetu. Kwa mtu wa Lubumbashi wa umri ule, ukimwambia wanafunzi wanataka kulalamika kwa kelele, anawaza usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 pale kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wanafunzi waliouawa, na idadi ambayo serikali na wengine hawakukubaliana mpaka leo. Na wakubwa zaidi watakukumbusha 1971, wanafunzi wa Lovanium, chuo kikuu cha Kinshasa, walipowakumbuka wenzao waliopigwa risasi tarehe 4 Juni 1969, Mobutu akawaingiza jeshini. Mwanafunzi akilalamika alihesabiwa amevunja nidhamu, vitu viwili vikawa kimoja, na mimi naona kwenye biro za vyuo vyetu bado ni kimoja, bunduki tu njo hazipo.

Na ajabu, sheria yenyewe ilitegemea huyo mtu alalamike. Ile namba 06/018 ya 20 Julai 2006, ya makosa ya ngono, ilivyoandikwa wakati ule ilisema anayetumia mamlaka ya kazi yake kumlazimisha mtu kwenye mambo ya ngono ni kifungo cha mwaka 1 mpaka 12, ao faini, ao vyote viwili, lakini parke, biro ya mwendesha mashtaka, haianzi kitu kama aliyetendewa hakushtaki. Sasa mwanafunzi ambaye barua yake haina kashe, na jina lake liko kwenye valvu kama mwizi wa mtihani, akifika parke nani atamsikiliza?

Hapa nilikuwa nataka kumalizia kwa kusema munaona sasa, wasifukuze. Lakini nimeandika haya yote na ile karatasi bado iko chini ya kopi. Wako wenzangu wa promo wanasema mpaka leo alisukumwa, ile sufuri ya TP njo ilimuogopesha. Mimi sikubali kabisa. Na sisi wengine tulipewaka sufuri za uonevu na hatukuingia na karatasi. Mtoto wangu wa kule sekondari akiniletea maneno kama hayo namrudisha nyumbani na barua. Kwa hiyo mukinibana nijibu swali lenu lenyewe, ndiyo, adhabu ilikuwa halali, hata mwaka mzima, na akirudia afukuzwe. Mwenzangu mwenyewe anakubali, tunaongeaka, alianza upya kwenye chuo kingine akamaliza, leo yuko anafanya deklarasyo za forodha Kasumbalesa, kule mpakani, na anapata kunizidi. Ila barua yake pia ilikuwa ya kweli, na hiyo hakuna konsei iliyoikalia.

Ninachotaka ni kidogo. Barua ya mwanafunzi ipigwe kashe siku inapofika, abaki na kopi, hata kama ni ya uongo, uongo utaonekana mbele. Na mtu aliyelalamikiwa asisimamie mtihani wa aliyemlalamikia, na aliyemleta kazini asikae kwenye konsei. Mutaniambia wanafunzi wataichezea, mwenye kujipanga kukopia ataandika kwanza lalamiko juu ya kila msimamizi. Ni kweli, hata kwangu wako wenye kunishtaki kwa prefe, mkuu wa shule, siku moja mbele niwaite, wana akili sana hao. Basi chuo kikubali kuandikiwa upuuzi kidogo, kibadilishe msimamizi, karatasi kama ipo itaonwa na mwingine. Na kama seksioni nzima ni ndugu na marafiki, waazime mtu wa kukaa kwenye konsei kutoka chuo kingine, maprofesa wa hapa wanazunguka vyuo vyote hata hivyo. Transpoti yake walipe wao chuo, isiwe tena CP anapita oditwari kuchangisha.