Lori Kuukuu: Swali la Kujiuliza Kabla ya Kukata Chuma

Nimewahi kumiliki malori mawili ya kale. La kwanza nililibadili karibu lote. La pili nimelirudisha kama lilivyotoka kiwandani, isipokuwa sehemu chache nitakazozitaja. Watu wakiniuliza wafuate njia ipi, huwa sijibu mpaka wameingia uvunguni mwa gari na tochi na nyundo ndogo.

Jibu liko kwenye chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba lori zima. Rangi, viti, hata injini vinaweza kusubiri. Gonga reli zote mbili, yaani vyuma viwili virefu vya chesisi, kuanzia mbele hadi nyuma: chuma kizima hulia, kilicholiwa na kutu hutoa sauti butu. Chunguza pale springi zinaposhikiliwa, maana nyufa hupenda kuanzia hapo. Tazama riveti za mihimili inayounganisha reli. Iliyolegea huacha michirizi ya kutu kwa sababu hucheza kila chesisi inapojipinda. Na pale mabamba mawili yalipolaliana, angalia kama yamevimba. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, hivyo huyatanua mabamba hadi yakaachana.

Ukikuta chesisi nzima, haijakatwa wala kuongezwa, nakusihi usiwe wewe wa kwanza kuikata. Ukikuta imeungwaungwa na kutobolewa ovyo, mtu alishakuamulia zamani. Hilo libadili kwa kazi unayoitaka, mradi liwe salama.

Lori langu la kwanza lilikuwa na chesisi nzima, nami sikujua thamani yake. Lilikuwa Mercedes-Benz L 1113, lile la pua fupi. Namba hiyo ina maana yake: uzito wa tani 11 pamoja na mzigo, nguvu za farasi 130. Injini yake, OM 352, ilitoka mwaka 1964, silinda sita, lita 5.7, na dizeli yake hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Ni injini ya kuheshimiwa. Mimi nikaona farasi 130 hawanitoshi, nikatafuta injini kubwa ya kisasa.

Injini ya zamani ilifika mizunguko 2,800 kwa dakika. Niliyoiweka ilikomea 2,000 hivi, na difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, ilikuwa ileile. Kwa hiyo pale lilipokuwa likikimbia kilomita 80 kwa saa, sasa lilifika 57 na injini haina pa kwenda tena. Nikabadili difu. Difu mpya ikataka propela shafti nyingine. Giaboksi ya zamani ikashindwa kuhimili msukumo wa injini mpya. Injini yenyewe ilikuwa ndefu, ikabidi mhimili mmoja ukatwe na rejeta isogezwe mbele. Breki zikabaki za mwendo wa zamani kwenye gari lililokuwa sasa na mbio zaidi.

Kilichonimaliza ni tundu moja. Fundi alitoboa ukingo wa juu wa reli ili afunge kishikizo, nami nilikuwa nimesimama pale nikimwangalia. Ufa ulianzia kwenye tundu hilo. Kingo za juu na chini ndizo hubeba mkazo mkubwa reli inapopinda. Kama huna budi kutoboa, toboa ubavuni, karibu na katikati ya kimo chake. Tena ziko reli zilizotiwa ugumu kwa joto kiwandani, na ukizichomelea hulainika palepale ulipochomelea. Nililiuza lori lile kwa huzuni, na hadi leo nikiona pua kama ile barabarani moyo hunishtuka.

Ndiyo maana sasa kila badiliko nalipima kwa swali moja: nikitaka kulirudisha lilivyokuwa, nitahitaji spana au moto wa kukatia? Baadaye niligundua kwamba FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, linashauri jambo hilohilo katika Hati ya Turin: badiliko lisilo budi liwe la kuweza kurudishwa, na vifaa vya asili vilivyotolewa vihifadhiwe pamoja na gari.

Kwenye breki sina mjadala, hata kwa mtu anayetaka kila nati iwe ya asili. Malori mengi ya miaka hiyo yalikuwa na mfumo mmoja tu wa hewa, na bomba likipasuka, magurudumu yote hubaki bila breki. Lori langu la sasa nimeliwekea mifumo miwili, pamoja na breki za springi zinazojifunga zenyewe hewa ikiisha. Vyote vimefungwa kwa bolti. Unapofungua drumu za zamani, usipulize vumbi kwa hewa. Breki za enzi hizo zilitengenezwa kwa asbesto. Rimu za ringi, zile ambazo tairi hushikiliwa na ringi ya chuma inayotoka, nazo zinaua: ringi ikifyatuka wakati wa kujaza upepo hairudi nyuma kukuonya. Zijazwe ndani ya kizimba cha chuma. Mimi niliamua kuhamia tairi zisizo na tubu za 11R22.5, kwa kuwa kimo chake kinakaribiana sana na 10.00-20 za zamani, na kipima mwendo hakidanganyi.

Kama lori ni la kukuingizia riziki kila siku, usione haya kulibadili. Gari la kazi haliwezi kulala miezi likingoja sili ya breki. Kabla hata ya kulipa, andika vifaa kumi utakavyohitaji na uvitafute kweli. Usisahau mpira wa kioo cha mbele. Vifaa vya injini maarufu hupatikana. Mpira ule ndio ulionisumbua kuliko pistoni.

Rangi niliiacha mwisho. Nilipoanza kuupiga msasa mlango wa kushoto, kwa maji ili vumbi la rangi ya zamani lisiruke, chini ya tabaka la tatu zilitokea herufi zilizoandikwa kwa brashi, jina la biashara ya mmiliki wa kwanza. Niliweka msasa chini. Mlango huo uko hivyo hadi leo, nusu kijani nusu umepauka, na ndani ya stoo liko sanduku la mabomba ya breki ya asili, kila moja na kibandiko cha mahali lilipotoka.