Alama za PHQ-9 zimeshuka kutoka 17 hadi 11: angalia zimeshuka kwenye mstari upi

Mtoa mada ameuliza hivi: mgonjwa wake wa sonona alipata alama 17 kwenye PHQ-9, dodoso la kupima ukali wa sonona, na baada ya wiki sita za dawa amepata 11. Je, aandike kwenye faili kuwa anaendelea vizuri? Mimi ni muuguzi wa afya ya akili kwa miaka 12 sasa, na dodoso hili nimelijaza na wagonjwa wengi mno, kwa hiyo naomba nijibu kwa kirefu kidogo.

Kushuka kwa alama 6 si jambo dogo. Kwa PHQ-9, mabadiliko ya alama 5 huhesabika kuwa ya maana. Ila 11 bado iko ndani ya kundi la sonona ya wastani, linaloanzia 10, na nafuu kamili tunaitafuta chini ya 5. Hayo ni ya jumla. Mimi ningekuomba uiache jumla kwanza, urudi kwenye karatasi zote mbili, uziweke sambamba na usome mstari kwa mstari.

Maswali ni 9, kila moja lina alama 0 hadi 3. Mgonjwa aliyekuwa halali na hali chakula, akianza kulala na kula, anaweza kushusha alama 6 kwa mistari hiyo miwili tu. Na zipo dawa za sonona ambazo zenyewe huleta usingizi na kuamsha hamu ya kula. Kwa hiyo alama 6 zako huenda ni kazi ya dawa kwenye usingizi na tumbo, huku mtu mwenyewe bado haoni raha ya kitu chochote na bado anajiona ameshindwa maisha. Kipimo cha sonona cha Hamilton cha mwaka 1960 kina jambo hilohilo: kati ya vipengele vyake 17, vitatu ni vya usingizi, na peke yake vinabeba hadi alama 6.

Sasa swali la 9, la mawazo ya kwamba ni afadhali kufa au kujidhuru. Hili nalisema kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili kazini nilimhudumia mama mmoja aliyepata jumla ya 8. Nikaona iko chini ya 10, nikaandika "dalili kidogo", nikampa tarehe ya kurudi. Swali la 9 alikuwa amejibu "siku kadhaa", yaani alama 1. Dada mkuu wa zamu ndiye aliyeiona wakati anapitia mafaili mchana ule, akaagiza mama aitwe arudi siku hiyohiyo. Tulipoketi naye faragha, akatueleza kuwa ameshaanza kugawa vitu vyake kwa wadogo zake. Alipata msaada na yu hai. Tangu siku ile swali la 9 nalisoma kabla ya kujumlisha. Likiwa na chochote juu ya 0, siandiki jumla mpaka nimemuuliza waziwazi: mawazo hayo huja lini, ana mpango, ana cha kutumia, nani yuko naye nyumbani. Kumuuliza hakumpandikizii wazo. Wengi huonekana kupumua.

Halafu angalia karatasi ilijazwaje. Mara ya kwanza alijaza mwenyewe au alisomewa? Mume au mama mkwe alikuwa amekaa pembeni? Nimeshaona mtu huyohuyo akijibu "hapana kabisa" mbele ya ndugu, na "karibu kila siku" mlango ulipofungwa. Kipindi nacho: dodoso linauliza wiki 2 zilizopita, lakini wengi hujibu kwa jinsi walivyoamka leo. Mimi huanza kwa kumtafutia siku ya kukumbukia, "tangu ile Jumapili uliyokuja...", ndipo nisome maswali. Na lile swali la mwisho lisilo na alama, la ugumu wa kufanya kazi na kuelewana na watu, usiliruke. Mara nyingi ndilo linaloniambia ukweli.

Kwa wanaotumia PANSS, kipimo cha ukali wa dalili kwa wagonjwa wa skizofrenia, neno moja tu: vipengele vyake 30 vinaanzia alama 1, si 0, kwa hiyo asiye na dalili yoyote ana 30. Ukikokotoa asilimia ya nafuu, toa 30 kwanza. Kutoka 90 hadi 60 ni nafuu ya nusu, si theluthi.

Mtoa mada, ukiweza weka hapa alama za kila swali kwa siku zote mbili, bila jina wala taarifa yoyote ya mgonjwa, tuzitazame pamoja. Lakini swali la 9 usitusubiri sisi, lifungue leo.