Kabla hujajaza fomu ya chuo, soma kwanza matangazo ya kazi

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, hapa steshenari panakuwa hapakaliki. Huyu anaomba chuo, yule anaomba mkopo, mwingine amemsindikiza mwenzake tu, lakini ukimtazama usoni unajua naye ana lake. Na kuna swali ambalo miaka ya nyuma halikusikika sana, siku hizi linaulizwa waziwazi huku mashine inaprinti: "Kaka, hivi chuo kinalipa kweli? Si unaona wenye digrii walivyojaa mtaani?"

Swali ni la haki, mdogo wangu. Ila lilivyokaa halijibiki, kama mtu anayefika stendi na kuuliza nauli bila kusema anakwenda wapi. Chuo kipi, kozi gani, kwa hela ya nani, ili ukafanye nini? Haya ninayoandika nimeyaokota kwenye kaunta hapa Dodoma. Kijana ninayemjazia maombi ya chuo leo, baada ya miaka mitatu minne anarudi nimjazie maombi ya kazi. Nawaona wakiingia, nawaona wakitoka.

Kitu cha kwanza ninachomwambia kila mtu: kuna kazi zenye geti na kuna kazi zisizo na geti. Uuguzi una geti. Famasia ina geti. Ualimu wa kuajiriwa una geti. Huwezi kuamka asubuhi ukajiita muuguzi kwa sababu una huruma na mikono safi; bila chuo na usajili hugusi mgonjwa. Ukitaka kazi za namna hiyo, usipoteze muda kubishana na watu mtandaoni kama chuo kina maana. Nenda.

Tena nyingine zina geti la pili, na hili watu hawaambiwi mapema. Shahada ya sheria peke yake haikufanyi wakili, kuna mafunzo ya uanasheria kwa vitendo baada yake. Mwenye shahada ya uhasibu atakutana na matangazo yanayotaka CPA, cheti cha mhasibu mtaalamu kinachotolewa na bodi ya wahasibu, NBAA. Mhandisi anasubiriwa na bodi ya usajili wa wahandisi. Kwa hiyo ukipiga hesabu ya miaka na ada, usiishie siku ya kuvaa joho. Endelea mpaka geti la mwisho.

Halafu kuna kazi zisizo na geti. Biashara ya nafaka Kibaigwa, hakuna atakayekuuliza GPA, yaani wastani wa alama zako za chuo. Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi anavuna mara mbili kwa mwaka, na anachohitaji kujua kuhusu kupogoa na magonjwa ya mizabibu anaweza kukipata kwa wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Makutupora na kwa jirani mwenye shamba zuri, bila kukaa darasani miaka mitatu. Fundi simu, mpiga picha, mtengeneza tovuti, fundi aluminiamu, hawa wanapimwa kwa kazi yao. Chuo kinaweza kuwasaidia, sikatai, lakini siyo kinachowafungulia mlango.

Katikati kuna kundi ambalo vijana wengi wa hapa wangelifikiria zaidi kama lisingekuwa suala la aibu. Umeme, kwa mfano. Kufunga umeme kwenye majengo kihalali kunataka leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, na leseni inataka cheti, lakini cheti chenyewe siyo lazima kiwe shahada. Cha VETA, yaani vyuo vya ufundi stadi, kinatosha kuanzia. Na kama umejifunzia ufundi kwa mjomba wako saiti na hujawahi kukaa darasani, VETA hiyohiyo wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: unapimwa, unaongezewa unachopungukiwa, unapewa cheti. Tangu serikali ianze kuhamia hapa 2016, ukichanganya mji wa serikali wa Mtumba, reli ya SGR, uwanja wa ndege wa Msalato na nyumba zinazoota kila kona, mafundi wazuri Dodoma wanagombaniwa. Nina jamaa anaweka marumaru, ukimtaka unamwekea nafasi kama unavyoweka kwa daktari bingwa. Naongeza tahadhari moja, ujenzi wa kasi hii hautadumu milele, na fundi asiye na karatasi yoyote ndiye wa kwanza kukosa zabuni kazi zikipungua.

Sasa nije kwenye lile ninalolisisitiza mpaka watu wananichoka: soma matangazo ya kazi kabla ya kusoma mwongozo wa kozi wa TCU, tume ya vyuo vikuu. Vijana wanafanya kinyume. Wanafungua mwongozo, wanaona jina la kozi linasikika vizuri, wanajaza, na tangazo la kwanza la kazi wanalisoma wakiwa na transkripti mkononi. Wewe fungua Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za serikali, leo, hata kama huna cha kuomba. Soma matangazo ya miezi kadhaa yaliyopita, ya serikali na ya kampuni binafsi. Chukua daftari. Andika kila kazi unayoona ungeipenda, na pembeni nakili sifa wanazotaka neno kwa neno.

Kwa nini neno kwa neno? Mwaka fulani alikuja mzee kutoka Mpwapwa na mwanawe. Nikamwamkia, akaketi, kijana akanitajia kozi anayotaka. Jina lilikuwa refu, limeunganishwa kwa "na" mara mbili, la kisasa kabisa. Mzee akasikiliza, akaniuliza: "Mwanangu, mimi sikusoma. Niambie tu, anayewaajiri watu wa kozi hii ni nani?" Nikamgeukia kijana. Kimya. Tukafungua matangazo, tukatafuta jina lile na yaliyofanana nalo, nafasi kwa nafasi, hatukuliona. Tangazo linasema shahada ya uchumi, takwimu, mipango ya maendeleo, au sifa inayolingana na hizo. Hilo "inayolingana" ndilo linalowaliza watu, kwa sababu anayeamua kama yako inalingana siyo wewe. Nimeshawasaidia wahitimu ambao maombi yao yamerudi kwa kuwa jina la shahada halipo kwenye orodha, ingawa masomo waliyosoma ni yaleyale. Mzee akauliza tena kama kuna kozi ya kufanana na ile yenye jina linaloonekana pale. Ilikuwepo, tena chuo hichohicho. Kijana alinuna kidogo, maana rafiki zake wote walikuwa wamejaza ile nyingine, lakini alibadilisha. Mzee alikuwa anauza ng'ombe kulipia ada, na muuza ng'ombe hataki maneno mengi.

Usiulize tu kama unaweza kuingia. Kuingia siku hizi siyo kipimo. Kwa aliyetoka kidato cha sita, sifa ya chini ya shahada ni prinsipo mbili (ufaulu kamili wa masomo mawili) zenye jumla ya pointi 4, yaani D mbili zinakufikisha mlangoni, japo kozi zenye ushindani zina masharti yake. Mfumo ukikukubali maana yake una sifa. Haimaanishi kwamba kuna mtu anakungoja upande wa pili.

Ukitaka kuona upande wa pili ulivyo, ngoja wiki ya usaili. Usaili mwingi wa Sekretarieti ya Ajira unafanyikia hapahapa Dodoma, kwa hiyo sisi tunawaona. Alfajiri vijana wanapita na bahasha za kaki, shati jeupe limepigwa pasi, wengine wametoka Kigoma au Mtwara wamelala gesti wakiwa wanne chumba kimoja. Wanakuja kunakili vyeti kabla ya saa moja. Tangazo lilikuwa na nafasi chache, foleni ya kuingia kwenye mtihani wa mchujo huioni mwisho. Siku hizi hata walimu, ambao zamani walisubiri kupangiwa, nao wanafanya usaili. Sikuambii haya nikukatishe tamaa. Wapo wanaopita, na nimewaona wakija kuprinti barua huku mikono inatetemeka. Ninachotaka ujue ni kwamba pale kila mtu ana digrii. Wanachopimwa ni kile kilichobaki kichwani, kwa hiyo aliyepita chuo kwa kukwepa vipindi na kusaka pepa za zamani anajulikana kwenye mchujo wa kwanza.

Hela. Hapa nakuomba uwe mkweli na nafsi yako. Ada inajulikana, imeandikwa. Visivyoandikwa ni geto la Ng'ong'ona kama umekosa hosteli, maji ya kununua kwa dumu, bando, fotokopi, nauli ya fildi (mafunzo kwa vitendo kazini), na laptopu ambayo kozi za kompyuta huwezi kuzisoma bila hiyo. Bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, linasaidia lakini lina tabia ya kuchelewa, na wengi wanakula kwa mkopo dukani kwa mangi mpaka liingie.

Mkopo wenyewe ni deni. Nashangaa ninavyolazimika kulisema hili. Ukiajiriwa, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ukianza na mshahara wa sh 700,000, hiyo ni sh 105,000 inayoondoka kila mwezi kabla hujaiona, juu ya kodi na mfuko wa pensheni. Afadhali kidogo kwamba ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa 2021, maana ilikuwa inafanya deni linakua huku unalipa. Kwa kozi yenye geti na yenye ajira, mkopo ni mpango mzuri na usiuogope. Kwa kozi uliyoichagua kwa kuwa ndiyo iliyobaki, unanunua deni.

Kuna njia ambayo naona inadharauliwa bure: kuanzia cheti au stashahada. Mdogo wako aliyemaliza kidato cha nne akiwa na D nne anaweza kuanza ngazi ya nne, ya cheti, ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati na vya ufundi, na kupanda mpaka ya sita, ambayo ndiyo stashahada, kwa miaka mitatu hivi. Akiwa na GPA ya 3.0 anaweza kuomba shahada. Ukijumlisha, anaweza kumzidi mwaka mmoja tu yule aliyepitia kidato cha tano na sita, lakini katikati ya safari tayari ana kitu cha kuombea kazi. Familia ikikwama, anasimama pale, anafanya kazi, atarudi. Wa kidato cha sita akikwama mwaka wa pili wa chuo ana cheti cha kidato cha sita tu. Na tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ilianza kuwakopesha hata wa stashahada kwa baadhi ya fani. Shida ni majirani. Mtoto akisema yuko chuo kikuu, UDOM, mama anatembea kifua mbele; akisema yuko chuo cha kati, watu wanauliza alifeli wapi. Majirani hawalipi ada.

Ukiamua kwenda, nenda kikamilifu. Usichezee mwaka wa kwanza ukidhani utafidia mbele, GPA iliyoanguka mapema kuinuka ni kazi. Sapu moja, yaani mtihani wa marudio, inavumilika, kerii, masomo unayoyabeba mwaka unaofuata, zikirundikana zinakula muda wa fildi, na kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, huku deni la mkopo linabaki palepale ni msiba usio na matanga. Fildi itafute mwenyewe mapema, tena mahali panapofanya kazi halisi, siyo ofisi ya shangazi ambako utatumwa chai. Wengi ninaowaona wameitwa kazini bila usaili mrefu, waliitwa na mtu aliyewaona kwenye fildi au walikojitolea.

Na kama hujaamua, kaa mwaka. Matokeo yako hayaozi. Fanya kazi kwenye duka, saiti, shamba la alizeti la baba mdogo huko Kondoa, uone kama moyo unataka kitu. Wazee wetu wanaogopa mwaka wa kukaa kwa kuwa wameona vijana wakizama kijiweni, kwa hiyo usimwambie mzee "nataka kupumzika." Mwambie unakwenda kufanya nini, kwa nani, na lini utaomba chuo. Atakuelewa zaidi. Ila jua kwamba Bodi inataka mwombaji asiye na ajira au mkataba rasmi, na vigezo vyake hutoka upya kila mwaka, kwa hiyo usome mwongozo wa mwaka unaoomba, siyo aliokuachia kaka yako.

Huku ukifikiria, toa cheti chako cha kuzaliwa na cheti cha kidato cha nne, vilaze pamoja mezani, ulinganishe majina herufi kwa herufi. Kila msimu napata watu waliokubaliwa chuo lakini mkopo umekwama kwa sababu cheti kimoja kina jina la babu na kingine hakina, au "Mwajuma" ya huku ni "Mwanajuma" ya kule. Uhakiki wa cheti cha kuzaliwa huko RITA, wakala wa usajili, na kiapo cha majina vinachukua muda, na dirisha la mkopo halikusubiri. Hilo lishughulikie wiki hii, uwe unakwenda chuo au huendi.