Re: Ukirusha jiwe kwa nguvu sana laweza kupita spidi ya sauti?

Mkuu umeuliza eti mtu mwenye mkono mzito akisimama pale kwenye Jiwe la Bismarck, Mwanza, akarusha kijiwe ziwani, kinaweza kupita spidi ya sauti kikalia paa kama ndege ya kivita. Hapana aisee, hata jamaa awe baunsa wa namna gani.

Sauti hewani, joto likiwa kama nyuzi 20, inaenda mita 343 kwa sekunde, yaani kama km 1,235 kwa saa. Sasa yule mrusha besiboli Aroldis Chapman mwaka 2010 alirusha mpira ukafika km 170 kwa saa na hiyo ndo rekodi, wewe na mimi tukifika 100 tushukuru. Na usidhani ni kuongeza nguvu mara 12 tu, maana nishati inapanda kwa spidi mara spidi, kwa hiyo kutoka 100 hadi spidi ya sauti unahitaji nishati kama mara 150, hapo bado hewa haijaanza kukubania, na mkono wenyewe una uzito wake lazima uusukume pia.

Manati nayo haifiki, usijisumbue.

Ila mjeledi unafika! Wale wachunga ng'ombe huku kwetu Usukumani wakichapa hewani ukasikia ule mlio mkali, sio ngozi inagonga kitu, ni mjeledi umepita spidi ya sauti, kwa sababu wimbi linatoka kwenye mpini mnene linakimbilia ncha nyembamba na nishati ileile inabaki kusukuma kitu chepesi zaidi na zaidi.