Nyoka mgeni nyumbani: maswali ya wasomaji wa Malindi

Kijana wangu amekamata nyoka mdogo shambani Kakuyuni. Ni mweusi, anang'aa, na anaonekana mpole. Twaweza kumfuga? (Mama wa Maweni)

Hapana mama, na tafadhali asimguse tena. Pwani kuna nyoka mchimbaji mweusi wa jamii ya Atractaspis, ambaye watu wengi humdhania hana madhara. Meno yake marefu hutokeza pembeni mwa mdomo bila yeye kuufumbua, kwa hiyo hata ukimbana nyuma ya kichwa atakuchoma kidole. Dawa ya kuzima sumu yake hakuna, na nyama ya mahali alipochoma inaweza kufa.

Isitoshe, nyoka wa porini hafugwi bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kwa mujibu wa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013. Kaeni mbali naye mkimwangalia alipo, kisha waiteni KWS au Bio-Ken, shamba la nyoka la Watamu.

Nina kibali, na nyoka wangu wa nyumbani, yule wa kahawia asiye na sumu, amefika juma lililopita. Hali chakula, amejificha tu. Ni mgonjwa? (Msomaji wa Shella)

Si mgonjwa. Ameondolewa kwenye harufu zote alizozizoea, na kwake kujificha ndiko kujihifadhi. Mwache siku 7 bila kumshika. Kazi yako iwe kubadilisha maji tu. Awe na maficho mawili, moja upande wa joto na jingine upande wa ubaridi, asije akalazimika kuchagua kati ya joto na usalama. Nyoka mdogo hutoshwa na kifuu cha nazi kilichotobolewa mlango. Mkubwa mpe gae la mtungi. Maficho yamguse mwili pande zote, maana nafasi kubwa haimtulizi.

Siku ya 8, giza likiingia, mpe panya aliyekufa asiyezidi unene wa nyoka mwenyewe pale aliponenepa zaidi. Mtoe panya kwenye friza, mtie ndani ya mfuko wa plastiki, kisha uloweke mfuko kwenye maji ya vuguvugu kwa dakika 30. Mminye tumbo: ukihisi ugumu, bado kuna barafu. Maikrowevu usitumie, kwani huivisha nyama ya ndani na tumbo hupasuka. Mlishe kwa koleo refu, si kwa vidole.

Akikataa, mwachie panya karibu na maficho lakini umwondoe kabla ya alfajiri. Kwa joto letu ataoza upesi, na harufu itawaleta sisimizi, nao wakishaingia humshambulia nyoka pia. Miguu ya meza ya sanduku lake isimamishe kwenye vikopo vya maji. Jaribu tena baada ya siku 5 hadi 7. Akishazoea, mtoto hula kila baada ya siku 5 hadi 7, na mkubwa kila baada ya siku 10 hadi 14. Mpime kwa mizani ya jikoni inayoonyesha gramu. Akipoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake, mwone daktari wa mifugo.

Panya wa kunasa nyumbani usimpe kabisa. Huenda amekula sumu kwa jirani, na sumu hiyo inaweza kumwua nyoka wako.

Nyoka wangu alikula vizuri, lakini siku ya pili akamtapika panya mzima. Nimpe mwingine? (Msomaji wa Muyeye)

Usimpe. Ama alishikwa mapema mno, ama panya alikuwa mkubwa, ama joto halikuwa sawa. Kila akila, mwache saa 48 bila kumgusa. Kutapika kumemtoa asidi ya tumboni na kuunguza koo, kwa hiyo apumzike siku 14, maji yawepo daima, kisha aanze na panya wa nusu ya ukubwa ule. Akitapika tena, mpeleke kwa daktari pamoja na hicho alichotapika.

Niliambiwa nyoka lazima awe na taa ya joto. Tangu niiwashe anashinda ndani ya bakuli la maji. (Msomaji wa Ngala)

Zima taa sasa hivi! Ushauri huo ni wa nchi za baridi. Nyoka wa nyumbani anataka takriban nyuzi 29 hadi 31 upande wa joto na 24 hadi 26 upande wa pili, na chumba cha Malindi wakati wa kaskazi hufika huko chenyewe. Chini ya bati mchana hupita. Hapa wafugaji waliogope jua kuliko baridi: sanduku la kioo lililopigwa na jua la dirishani linaweza kumuua kwa muda mfupi sana.

Weka vipimajoto viwili, kimoja kila upande, usawa wa sakafu anapolala. Sanduku likae kwenye meza fupi, mbali na dirisha. Chumba cha makuti au ukuta mnene ni bora. Ukimkuta anahangaika huku mdomo wazi, mpeleke kivulini penye hewa na umpe maji ya kawaida, si ya barafu.

Ikiwa joto ni sawa na bado analoa tu, mpitishe juu ya kitambaa cheupe. Vidoadoa vyeusi vinavyotembea ni wadudu wa ngozi, nao wanahitaji dawa ya daktari.

Macho ya nyoka wangu yamekuwa ya bluu, kama ya kipofu, na rangi imefifia. (Binti wa Mambrui)

Anajiandaa kujivua gamba. Macho yatang'aa tena, kisha siku chache baadaye atavua. Usimlishe wala kumshika. Mwekee kikopo chenye tundu na kitambaa kibichi ndani. Gamba litoke zima, pamoja na vifuniko viwili vya macho. Nyoka hana kope, na vifuniko hivyo ni sehemu ya gamba. Likikatikakatika, mweke dakika 20 kwenye maji ya vuguvugu yasiyozidi nusu ya unene wake, halafu mwache apenye kwenye taulo bichi. Kifuniko cha jicho kikibaki, usikivute kamwe: unaweza kulijeruhi jicho. Ngoja avue mara nyingine, au mwone daktari.

Boa wangu wa mchanga haonekani kamwe. Naweza kumwekea mchanga wa ufukweni? (Msomaji wa Watamu)

Kutoonekana ndiyo tabia yake. Huvizia akiwa amejifukia. Mchanga wa ufukweni una chumvi na vipande vya makombe. Tumia vumbi kavu la makumbi, kina cha sentimita 8 hadi 10, upande wa joto ufike nyuzi 32 hadi 35.

Mwanangu wa miaka mitatu anataka kumshika nyoka wetu. (Mama wa Shella)

Bado, mama. Nyoka mwenye afya pia hubeba bakteria wa salmonela, na mtoto wa chini ya miaka mitano huumwa nao vibaya. Amtazame tu. Wewe ukimshika, osha mikono kwa sabuni, na bakuli lake usilioshe kwenye sinki ya jikoni.