Jibu: Madaktari watatu, na hakuna anayejua mtoto ana nini

Pole sana dada. Umeuliza kama madaktari watatu waliomwona kijana wako wa miaka 5, anayeangukaanguka kila siku, hawajui kazi. Mimi sidhani. Magonjwa adimu yanazidi 6,000, na daktari mwenye foleni ya malaria na kichocho tangu asubuhi anaweza kukaa miaka bila kukutana na ugonjwa kama huo.

Wangu alianza hivyohivyo, hapa Nyegezi, Mwanza. Akitaka kuinuka sakafuni anashika magoti, anapandisha mikono mapajani, anajisukuma hadi asimame. Vipimo vya ini vikatoka juu, tukameza dawa za ini miezi mingi! Kumbe vimeng'enya vinavyopimwa humo hutoka hata kwenye misuli iliyoharibika. Ilikuwa Duchenne, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli.

Mrekodi kwa simu akiinuka, umwonyeshe daktari. Mguse mashavu ya miguu: yamejaa na kuwa magumu? Omba kipimo cha damu cha CK (kimeng'enya cha misuli), na rufaa ya hospitali ya Bugando kwa daktari wa watoto. Kama kuna mjomba wake aliyeshindwa kutembea utotoni, liseme hilo mapema, usisubiri kuulizwa.