Tufaha la Mama Digory

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: ni filamu gani inayotokana na kitabu ulichokipenda utotoni unayoingoja kwa hamu, na unaogopa wataharibu nini? Naingoja ile ambayo Greta Gerwig anaiongoza kwa ajili ya Netflix kutoka The Magician's Nephew, kimoja kati ya vitabu saba vya C. S. Lewis kuhusu Narnia, nchi ya kichawi. Ninachohofia ni kwamba watakisahau kitanda cha mgonjwa.

Kitabu hicho nilikipata Tanga nikiwa kidato cha pili, hakina jalada, ndani ya sanduku la vitabu vya msaada. Mama alikuwa mgonjwa, miezi minne hatoki chumbani. Usiku nilimsomea mdogo wangu wa kike, yeye darasa la tatu, nikigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili papo hapo kwa mwanga wa kibatari, na nilipokwama nilibuni.

Tulikwama mapema. Digory anaishi London na mama yake ambaye yu mahututi, katika nyumba ya mzee mmoja aitwaye Andrew. Baba yake yuko India. Mdogo wangu akauliza: huyo Andrew ni baba mdogo au mjomba? Kiingereza kina neno moja tu kwa wote wawili. Nikatafuta kwenye majina ya ukoo: Digory ni Kirke, Andrew ni Ketterley. Basi ni mjomba, kaka yake mama. Mdogo wangu alinyamaza kwanza, kisha akakasirika kwelikweli. Kwa sababu mjomba huyu ametengeneza pete za kichawi, amezijaribu kwa simbilisi, na sasa anampa mtoto wa jirani, Polly, avae moja ili apotelee asikokujua mtu. Halafu anamlazimisha mpwa wake amfuate. Dada yake anakufa chumba cha juu, naye anamtuma mtoto wa dada yake huko! Msomaji wa Kiingereza anaona mzee mwenye roho mbaya. Sisi tuliona mjomba aliyeuacha ujomba wake, na kwetu hilo lilikuwa zito kuliko uchawi wote wa kitabu.

Filamu tatu zilizotangulia, za mwaka 2005, 2008 na 2010, hazikukifikia kitabu hiki. Netflix ilipata haki za vitabu mwaka 2018, na Gerwig ameamua kuanzia hapa, kwenye kitabu kilichotoka cha sita, mwaka 1955, lakini kinachosimulia jinsi Narnia ilivyoanza. Wapenzi wa Narnia hubishana sana juu ya mpangilio wa kusoma. Mimi nilianza na hiki kwa sababu ndicho kilichokuwa sandukuni, na sikupungukiwa na kitu.

Hofu yangu inatokana na Jadis. Malkia yule anazinduka katika mji mfu wa Charn, kwenye dunia nyingine, anawafuata watoto hadi London, anang'oa chuma cha nguzo ya taa kwa mkono mtupu na kuwapiga nacho askari polisi. Kwenye skrini kubwa atavutia mno. Lakini hadithi haimhusu yeye. Inamhusu mtoto anayepita dunia tatu akiwa na swali moja moyoni: kuna dawa ya mama? Anamwomba simba Aslan, haoni jibu, anakata tamaa, anainua uso, anakuta machozi makubwa kuliko yake kwenye macho ya simba. Baadaye anatumwa kuleta tufaha kutoka bustani ya mbali, na Jadis anamnong'oneza: usimpelekee simba, mpelekee mama yako. Hapo nilisimama kusoma. Mdogo wangu hakuniuliza kwa nini.

(Epo hatukuwa tumewahi kula. Niliposema tufaha, yeye aliona yale matufaa mekundu ya pwani, yenye maji na harufu ya waridi. Hadi leo tunda la Narnia kwangu lina harufu hiyo.)

Lewis mwenyewe alifiwa na mama yake, Flora, huko Belfast mwezi wa Agosti 1908. Alikuwa na miaka tisa. Katika kumbukumbu za maisha yake, zilizotoka mwaka huohuo wa 1955, ameeleza jinsi alivyoomba mama apone, na mama hakupona. Digory alimkatalia Jadis, akampelekea Aslan tufaha, likapandwa, na Aslan akampa jingine kutoka kwenye mti uliochipua. Mama yake akala, akalala usingizi mzuri, akapona. Mama yetu alifariki baada ya mvua za masika. Mdogo wangu aliniomba nirudie sura ile, nikairudia, na sikuona kwamba kitabu kimetudanganya. Niliona kwamba aliyekiandika alikuwa amekaa palepale tulipokaa sisi.

Ndiyo maana namwomba Gerwig chumba kile akipe muda. Mwanga wa dirishani, sahani, kisu kikimenya, mtoto anangoja. Muziki unyamaze.

Na wimbo wa simba, ule anaoiumbia Narnia, nao uanze gizani kama ulivyoandikwa. Watu wanabishana Aslan apewe sauti ya nani. Kitabuni hakuna anayejua ni nani anayeimba, wala sauti inatoka upande gani; mara inatoka kila upande, mara chini ya ardhi. Kisha nyota zinatokea zote kwa pamoja, zikiitikia. Mjomba Andrew anausikia wimbo uleule, haupendi, anajilazimisha kuamini kwamba ni ngurumo tu, hadi kweli hasikii kingine. Nina hamu kubwa ya kuona sinema itakavyotusikilizisha masikio mawili kwa wakati mmoja.

Mdogo wangu sasa yuko Mwanza, na kijana wake ana miaka tisa. Mimi ndiye mjomba wake. Nimeshamwahidi kwamba filamu tutaitazama pamoja, lakini kwanza namsomea kitabu kwa simu, kila Jumamosi, kwa Kiswahili kilekile cha kibatari. Mama yake husikiliza akiwa pembeni na kunisahihisha nikibadilisha neno. Jumamosi iliyopita tulifika Charn, kwenye kengele ndogo na kinyundo chake, pale Polly anapokataa na Digory anapotaka kuigonga.

"Usigonge kwanza, mjomba," akaniambia. "Ngoja nimwite mama aje."